Pumzi Haiwekwi Akiba

Swali hunijia kwa njia nyingi, mara kwa ujumbe wa simu, mara barazani baada ya sala ya alasiri, mara kwa mgonjwa aliyekwisha kuaga na mkono wake umeshika kitasa cha mlango, lakini kiini chake ni kile kile: "Daktari, nimejiandikisha wiki nzima ya yoga hapa Lamu, kijijini Shela, na mwalimu anatuzoeza kuvuta pumzi asubuhi na jioni, nikitoka hapa nitapumzika kandokando ya Ziwa Naivasha, nipande volkano ya Longonot, kisha niende Mlima Kenya, kwa pumzi hii niliyojizoesha, si nitapanda moja kwa moja bila ya kuugua?" Wageni wa ng'ambo huliuliza, ndugu zetu wa Nairobi wajao kupunga upepo huliuliza, na, jambo linisikitishalo zaidi, siku hizi huulizwa na vijana wa Lamu wenyewe, waajiriwao kufuatana na wageni hao huko bara kama wapishi na wasaidizi, ambao tangu kuzaliwa kwao hawajapata kulala usiku mmoja mbali na usawa wa bahari. Nimelijibu kwa upole muda mrefu, na upole haukufaa kitu, kwa sababu kila ajibiwaye hutoka akisema "Nimekuelewa, Daktari", kisha humwuliza mwenziwe, na mwenziwe humpa jibu lile alilolitaka. Ndipo nikaona ni wajibu wangu kuliandika.

Sina ugomvi na yoga. Hunyosha mgongo uliopinda kwa kukaa vitini, hutuliza moyo wenye mashaka, humrudishia usingizi aliyeukosa, na tamasha lake hapa Lamu, lililozaliwa katika muongo wa 2010, ni miongoni mwa mambo yaliyorudisha wageni katika mji huu baada ya utekaji nyara wa wageni wa mwaka 2011 na mauaji ya Mpeketoni ya mwaka 2014, wakati ambapo mabaharia wetu walikuwa wakikaa mkunguni kutwa nzima wakitazama mashua zao zikioza kwa kukosa abiria. Wala sina ugomvi na milima, kwa kuwa nimeitumikia. Ugomvi wangu ni na dhana moja tu, nayo ni kwamba pumzi ni mali, ya kuwa aivutaye kwa wingi Jumatatu ufukweni anaweza kuitumia Ijumaa kileleni.

Na tuipime dhana hii kwa hesabu. Damu ya mtu mzima mwenye siha njema, aliyeketi kitako usawa wa bahari na kupumua kama apumuavyo siku zote bila ya kufundishwa na yeyote, imekwisha kubeba oksijeni kiasi cha asilimia 97 au 98 ya uwezo wake wote wa kubeba. Nafasi iliyosalia ni asilimia mbili au tatu, na mwalimu yeyote wa pumzi, awe ametoka Mombasa au Mysore, hana nafasi nyingine ya kujaza isipokuwa hiyo. Ukikusanya oksijeni yote iliyomo mwilini, ya mapafuni, ya damuni na ya misulini, utapata lita moja na nusu hivi. Mtu aliyetulia bila ya kazi hutumia mililita 250 kila dakika. Msomaji na agawanye mwenyewe: akiba yote, hata kama ingeweza kutumika mpaka tone la mwisho, ni ya dakika sita kwa aliyeketi mkekani, na kwa apandaye mlima na mzigo mgongoni haifiki dakika mbili. Hiyo ndiyo hazina ambayo watu wanataka kuisafirisha kwa ndege kutoka uwanja wa Manda, kuipitisha Nairobi, kuilaza Naivasha na kuifikisha Point Lenana, juu ya Mlima Kenya, ikiwa nzima.

Huambiwa kwamba hesabu ni jambo moja, na alihisilo mtu ni jambo jingine. Basi na tuzitazame hisia zenyewe. Jioni moja niliitwa juu ya dari ya nyumba ya mawe huko Shela, ambako mama mmoja, mgeni mwenye afya nzuri, alikuwa amemaliza zoezi la kupumua kwa kasi na kwa nguvu. Kidoleni alikuwa amebana kile kipimo kidogo cha oksijeni, na namba yake ilikuwa imepanda kutoka 97 hadi 99, naye alikuwa akiionyesha kwa furaha. Lakini midomo ilikuwa imekufa ganzi, macho yakiona nyota, na vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekakamaa na kukutana ncha, kidole gumba kimeingia kiganjani, hata hakuweza kushika bilauri ya maji niliyompa. Alisema anahisi oksijeni ikimwingia katika kila mshipa. Sivyo hata kidogo. Alichokihisi ni kabonidayoksaidi ikimtoka. Hewa hiyo, ambayo watu huidhania kuwa ni uchafu mtupu, ndiyo ishikayo mizani ya asidi katika damu. Ikifukuzwa kwa pupa, damu hukosa mizani yake, kalsiamu iliyo huru hupungua na misuli hukakamaa, na mishipa ipelekayo damu ubongoni hujibana, hivyo kwamba yule ajionaye ameushibisha ubongo wake kwa oksijeni amekwisha kuupunguzia damu iipelekayo. Nikamwambia apumue polepole, kwa pua, mdomo umefungwa, na kitambo kidogo vidole vikalegea. Hakuna ugonjwa uliotibika, wala kinga iliyopatikana.

Na kama dhara lingekuwa ni ganzi ya midomo peke yake ningenyamaza. Lakini wako wafanyao zoezi hili kisha wakajitosa katika mkondo ulio baina ya Shela na Manda ili wapime watakaa chini ya maji muda gani. Hapa sina budi kusema kwa ukali. Kinachomfanya mtu aliye chini ya maji atamani kupumua si upungufu wa oksijeni. Ni wingi wa kabonidayoksaidi. Aliyeifukuza kabla ya kuzama ameiua ile kengele ya kumwonya, na oksijeni humwishia akiwa bado anajiona ana raha, akazimia bila ya dalili, na maji hayangoji mtu azinduke.

Kama mazoezi ya pumzi yangekuwa ni kinga ya mlima, watu wa kwanza kuipata wangekuwa wavuvi wa Kizingitini, kule kisiwani Pate, wazamiao kamba-mawe kwa pumzi moja, siku baada ya siku, msimu baada ya msimu, mpaka mvi zinawatoka kichwani. Hakuna darasa la wiki moja liwezalo kulingana na elimu ya watu wale. Huteremka na pumzi yao, hufanya kazi miambani, na wakati ukifika hupanda juu kuitafuta nyingine, kwa maana wanajua vyema kuliko wote wasomao vitabu kwamba pumzi hutumika papo hapo. Mpeleke mzamiaji hodari wa Kizingitini kwenye mita 4,200 kwa siku mbili, na kichwa kitamwuma kama kitakavyomwuma karani wa benki. Ushupavu wa mwili nao haulindi. Aghalabu wauguao vibaya ni vijana wenye nguvu, kwa sababu nguvu zao huwafikisha juu kabla miili yao haijapata wasaa wa kujipanga.

Kwa nini wasaa ni lazima? Hewa ya mlimani ina oksijeni sehemu ile ile kama hewa ya Lamu, asilimia 21. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa yenyewe. Naivasha, ambako ziwa liko kwenye mita 1,884, kanieneo hiyo ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Point Lenana, mita 4,985, ni zaidi ya nusu kidogo. Na Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni nusu. Mwili ukipatwa na hali hii huanza kupumua kwa wingi wenyewe, bila ya amri, kwa kuhimizwa na vijisehemu vidogo vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo. Lakini huko kupumua kwa wingi huifukuza kabonidayoksaidi, damu hukosa mizani kama ilivyokuwa kwa yule mama wa darini, na ubongo huamuru pumzi ipunguzwe. Ugomvi huu baina ya shingo na ubongo hausuluhishwi na mwalimu yeyote. Husuluhishwa na figo, ambazo humwaga bikabonati kidogo kidogo katika mkojo mpaka mizani irudi, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na figo hazijui kama mwenye nazo amejifunza kukunja miguu au hakujifunza. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu huchukua wiki kadhaa. Katika yote hayo hakuna hata moja liwezalo kuanza kabla mtu hajafika kwenye mwinuko, kwa sababu ishara yenyewe ya kuanzia, yaani upungufu wa oksijeni, haiko Shela.

Fauka ya hayo, mlima humpata mtu usiku zaidi ya mchana. Mpandaji aliye macho anaweza kuitawala pumzi yake akipenda. Akilala utawala hurudi kwa shina la ubongo, na juu ya mita 3,000 hivi utawala huo huyumba: pumzi hukua, ikakua, kisha ikapungua, ikapungua, ikasimama kabisa kwa sekunde kadhaa, mpaka mwenzake aliye hemani anyanyuke kwa hofu kutaka kumtikisa, ndipo mlalaji ashtuke na kuvuta kwa nguvu na duru ianze tena. Kichwa cha alfajiri, ambacho ndicho dalili mashuhuri ya ugonjwa wa mwinuko, huzaliwa katika saa hizo, na katika saa hizo yule hodari wa yoga na yule asiyepata kuiona yoga ni sawasawa.

Atatokea msomi wa kunikumbusha kwamba yako majaribio yaliyofanywa juu ya Monte Rosa, huko Italia, kwenye mita 4,559, ambako watu waliopumua polepole na kwa kina, mara sita kwa dakika, waliona oksijeni ya damu zao ikipanda kutoka karibu na asilimia 80 hadi karibu na 90. Ni kweli, nami huwafundisha wagonjwa wangu njia hiyo. Lakini walifanyia zoezi hilo mlimani, na faida yake ilikuwa ni ya wakati wa zoezi. Mtu hawezi kupumua kwa kuhesabu huku analala, anakula na anashindana na mawe. Atanitajia pia Mholanzi Wim Hof, ambaye mwaka 2014 alikwea Kilimanjaro kwa haraka pamoja na kundi la watu 26, wakitumia pumzi ya nguvu kila dalili zilipowajia. Nao walipumulia huko huko juu, hapakuwa na kundi la pili la kulinganishwa nao, na ushujaa wa watu 26 walioteuliwa na kufuatwa na matabibu si ruhusa kwa mpishi wa Langoni, hapa Lamu, anayekwenda mlimani na koti la kuazima.

Lipo kosa jingine lililojificha ndani ya safari hizi, nalo ni mpango wa safari zenyewe. Waandalizi hupenda kuanza na bahari na kumalizia na mlima, kwa kuwa ndivyo picha zinavyopendeza. Lakini mwili wataka kinyume chake. Mtu ashukaye kutoka nyanda za juu huanza kuupoteza uzoevu wake tangu siku za mwanzo: figo hupunguza homoni iamrishayo kutengenezwa damu, na chembe nyekundu changa huvunjwa kabla ya wakati wake. Mkaazi wa Nairobi, aliyekwisha kuzoea mita zake 1,700, ana uzoevu mdogo, lakini ni wake. Akija kukaa pwani majuma mawili kabla ya kupanda, ameutupa baharini. Na anywaye chai ya asubuhi Shela anaweza leo kuruka kutoka Manda, kushuka Nairobi, kuingia garini, na kulala usiku huo huo Met Station, njia ya Naro Moru, mita 3,050, kisha kesho yake Mackinder's Camp, mita 4,200. Wazee wetu waliofuata misafara kwenda bara walipanda kwa miguu kwa majuma kutoka mwambao mpaka Uchagani, na mwendo huo wa polepole ukawa ni dawa ambayo hawakuhitaji kuinunua. Leo safari yafupishwa na ndege, na hakuna kilichowekwa badala ya yale majuma.

Wengine hutafuta kinga kwingine. Kitunguu saumu kitiwacho katika supu ya mlimani ni kiungo kizuri. Habasoda ina heshima yake katika tiba ya Mtume, nami siigusi heshima hiyo. Ila vyote viwili havijathibitishwa kuzuia ugonjwa huu, na mtu asivitumie kama hoja ya kufupisha safari. Vikopo vya oksijeni viuzwavyo madukani vina lita chache, na hesabu ya lita chache tumekwisha kuifanya.

Sasa ya kufanya, na niyaseme kwa haraka. Panda kwanza, kisha njoo Lamu unyoshe viungo; yoga baada ya mlima ni neema kwa magoti na kwa usingizi. Ukilazimika kuanza na pwani, lala usiku mbili au tatu Naivasha. Longonot, mita 2,776, si mlima wa kuleta ugonjwa mkubwa. Utahema zaidi ya ulivyotarajia, kwa kuwa umetoka baharini, lakini adui zako ni jua, vumbi la jivu, kiu na magoti wakati wa kuteremka, kwa hiyo ingia langoni alfajiri, chukua maji zaidi ya uonavyo yatosha, na usianze kuzunguka ukingo wa shimo, ambao ni zaidi ya kilomita 7, baada ya saa nne za asubuhi. Kando ya ziwa usitandike mkeka wako nyasini kabla jua halijatoka wala baada ya kuchwa: viboko hulisha usiku na hurudi majini alfajiri, na asimamaye baina ya kiboko na maji hana la kujitetea. Wanaoota volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, huko Kongo, ambako watu wa Goma waishi na mazuku, ile kabonidayoksaidi itokayo ardhini na kutuama mabondeni, wajue ya kuwa hewa hiyo ni nzito, haionekani, na humwahi aliyelala chini kabla ya aliyesimama. Vita vya huko vikiisha na njia ikifunguliwa, mkeka wa yoga usitandikwe katika shimo wala bonde mahali pale, hata pawe na mandhari gani.

Juu ya mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 baina ya malazi ya usiku mmoja na wa pili, na kila siku ya tatu au ya nne lala mahali ulipolala jana. Vituo vya mlimani vikipitana zaidi ya hapo, lala usiku mbili katika kile cha chini. Mlima Kenya uingie kwa Sirimon, si kwa Naro Moru, na ulale usiku mbili Old Moses kabla ya kwenda Shipton's. Kilimanjaro usiukubali mpango wa siku tano kwa njia ya Marangu, ambao hukurusha kutoka Horombo, mita 3,720, hadi Kibo, mita 4,700, kwa siku moja na kukuamsha usiku huo huo kwenda kileleni. Lipa siku ya sita ulale tena Horombo, au chukua njia ya siku saba au nane. Asetazolamaidi, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, huzihimiza figo zifanye kwa siku moja kazi ya siku kadhaa; itakutia ganzi ya vidole na safari za msalani, na aliyepata kudhurika na dawa za salfa asiiguse kabla ya kuonana na tabibu. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kipoe. Mtu akiyumba anapoambiwa atembee kisigino kwa ncha ya kidole juu ya mstari mnyoofu, au akihema ameketi na kukohoa povu, ashushwe saa hiyo hiyo, hata iwe ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake.

Nanyi vijana wa Lamu mnaokwenda huko kwa ujira, pimeni selimundu kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa chembe hizo ni nyingi katika watu wa pwani: mwenye ugonjwa wenyewe asipande, na mwenye kurithi upande mmoja tu amweleze kiongozi wa msafara, na akipatwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ateremke bila ya kungoja. Tena malaria husafiri nanyi. Aliyetoka pwani akapatwa mlimani na kichwa, kutapika na homa asikae kukisia kati ya maradhi mawili. Ashuke siku hiyo, na katika zahanati ya kwanza aifikayo apimwe damu, hata kama kichwa kimekwisha kupoa njiani.